Shafti Iliyokatika Mara Mbili: Kisa cha Karakana ya Uani

## Kabla ya kisa

Nimefundisha ufundi wa vyuma miaka mingi, na hakuna mwaka unaopita bila kijana kuniuliza: "Mwalimu, nikipata mashine yangu nikaiweka nyumbani, nitaishi?" Zamani nilijibu kwa hesabu za mtaji. Siku hizi nawasimulia habari ya mwanafunzi wangu mmoja na shafti ya mashine ya kusaga, ule mhimili wa chuma unaozunguka ndani yake.

Nimeondoa majina ya watu na mahali, na bei nimezizungusha kidogo. Mwenye karakana na mteja wake wameridhia kisa kielezwe. Mwenye karakana nitamwita Fundi. Mteja nitamwita Mama, kwa sababu ndivyo Fundi mwenyewe anavyomwita.

## Usuli

Fundi alifanya kazi kiwandani miaka tisa akiwa mkerezaji, yaani mtu wa kuchonga chuma kwa kisu huku mashine ikikizungusha, mpaka kiwanda kilipopunguza watu. Akarudi alikozaliwa, mji mdogo wa Nyanda za Juu Kusini, kwenye nyumba ya familia yenye uani mpana. Kando ya barabara kuu walikuwepo wachomeleaji zaidi ya kumi, kila mmoja na mageti yake, madirisha yake na vitanda vyake. Mtu wa kuchonga vipuri hakuwepo. Aliyeharibikiwa shafti ya pampu au puli, lile gurudumu la mkanda, alikipakia kipuri kwenye basi kwenda Mbeya au Iringa, akakaa wiki nzima akisubiri. Hiyo ndiyo nafasi aliyoiona, na hapo macho yake hayakumdanganya.

Watu huchanganya uchomeleaji na ukerezaji kana kwamba ni kazi moja. Mchomeleaji akikosea milimita mbili kwenye geti, rangi inamsitiri. Mkerezaji akikosea sehemu nne za mia za milimita, beringi, ile pete ya gololi inayoishika shafti, inazunguka ovyo juu yake na mwenye mashine anarudi na kelele. Mtaji nao ni tofauti kabisa: mashine ya kuchomelea unaibeba mkononi, lakini ya kukereza unaijengea sakafu.

Yake aliipata kwenye mnada wa mali za karakana iliyofungwa. Ni ya Kichina, ya kizazi kile cha miaka ya 1970 reli ya TAZARA ilipokuwa ikijengwa, yenye nafasi ya sentimita 75 kati ya senta, zile ncha mbili zinazoshikilia chuma, na uzito wa zaidi ya nusu tani. Aliilipia shilingi milioni 4.5. Vijana wanane waliishusha kwenye Fuso kwa magogo na vipande vya bomba, na ukuta wa choo cha nje ukapata ufa ambao mke wa Fundi huwaonyesha wageni hadi leo.

Tatizo la kwanza lilikuwa umeme, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapokwama. Mota ilikuwa ya fezi tatu, kilowati 3, imeandikwa volti 380 kwa muungano wa sta, namna mojawapo ya kuunganisha nyaya za ndani ya mota. Nyumba ina fezi moja. Kuvuta fezi tatu hadi uani kulihitaji nguzo na pesa ambazo hakuwa nazo. Akanunua invata inayopokea fezi moja na kutoa tatu. Sasa, invata ya aina hiyo haipandishi volti: ukiilisha 230 nayo inatoa 230. Mota ya volti 380 ikipewa volti hizo inazunguka kinyonge, na kisu kikianza kula chuma inasimama. Fundi alifungua kiboksi cha mota, akakuta ncha zote sita zimetolewa nje, akahamisha vile vipande vya shaba kutoka sta kwenda delta, muungano unaohitaji volti ndogo, na mota ikawa ya volti 220. Kazi ya dakika kumi, lakini ni ya mtu anayejua kwa nini anaifanya. Invata ilimpa na faida nyingine: mota inaanza polepole, kwa hiyo taa za majirani hazififii kila akiwasha. Mwenye karakana ya nyumbani hana mtaji mkubwa kuliko majirani wasiolalamika.

Alichosahau ni athi, waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Mkewe ndiye aliyegundua, alipopita pekupeku kuanika nguo akaigusa mashine ikamng'ata. Siku hiyo hiyo ilichimbiwa fimbo ya shaba.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa bushi, puli, boliti zisizopatikana dukani na shafti za pampu za umwagiliaji. Mkewe aliandika kila kazi kwenye daftari. Bei ilipangwa kama mjini: chuma kimegharimu kiasi gani, na kuchonga kumechukua saa ngapi. Kuangalia, kupima na kufikiri hakukuwa na safu yake. Nitalirudia jambo hili.

## Mambo yalivyotokea

### Safari ya kwanza

Mama ana mashine ya kusaga kijijini, kama kilomita 30 kutoka mjini. Ni ya nyundo, inazunguka karibu mara 3,000 kwa dakika, ikiendeshwa na mota kwa mikanda mitatu. Siku moja bodaboda alimletea Fundi shafti imefungwa kwenye mfuko wa salfeti. Mahali inapokaa beringi ya upande wa puli palikuwa pamelika, beringi inacheza. Ujumbe wa Mama ulikuwa mfupi: rudisha kama ilivyokuwa, watu wanasubiri unga.

Fundi alichagua njia ya haraka. Alijaza mahali palipolika kwa kuchomelea, kisha akakereza hadi milimita 40. Alitoza 45,000. Sababu zake zilikuwa za kueleweka: hakuwa na chuma cha kipenyo kile, kukiagiza ni siku tatu, na Mama alikuwa akipoteza wateja kila asubuhi.

Siku ya kumi na moja shafti ilikatika.

### Safari ya pili

Mama alikuja mwenyewe, na vipande viwili mkononi. Hakugomba. Fundi ananukuu maneno yake kama yalivyokuwa: "Mwanangu, mimi chuma sikijui. Ninachojua nimekulipa na mashine haisagi."

Fundi alihisi kuwa kosa liko kwenye kuchomelea, na alikuwa sahihi nusu. Shafti za namna hii huwa ni chuma chenye kaboni ya wastani. Ukikichomelea kikiwa baridi, ukanda ulio kando ya mshono unapoa ghafla na kuwa mgumu kama kigae, na nyufa ndogo huanzia humo. Angalau angepasha shafti hadi nyuzi 200 hivi, atumie vijiti vikavu vya haidrojeni kidogo, kisha aipooze taratibu. Hakufanya hata kimoja.

Mara hii akaamua kuchonga shafti mpya kabisa. Kwa mwenye skrepa alipata ekseli ya lori, chuma kizuri lakini kimefanywa kigumu juu. Kisu cha kwanza kilimeguka ncha kabla hajapata hata duara moja safi. Akaipasha kwenye jiko la mkaa hadi ikawa nyekundu, akaifukia kwenye majivu usiku kucha. Asubuhi ilikuwa laini, inakatika vizuri. Akachukua vipande vya shafti iliyokatika akavipanga kwenye jiliwa, akapima kila hatua kwa venia, kile kipimo cha taya, akanakili.

Beringi ilipoingia upande wa puli haikukaza. Iliteleza kwa mkono. Alichukua sentapanchi, chuma chenye ncha cha kupigia alama, akapiga vidoa kuzunguka shafti ili pavimbe, beringi ikashika. Kila fundi wa mtaani anaijua mbinu hiyo na kila mmoja anaionea haya kidogo. Alitoza 130,000.

Siku ya ishirini na tatu ikakatika tena, mahali pale pale.

### Usiku wa daftari

Hapo ndipo aliponipigia simu, lakini kabla ya simu yangu kulikuwa na mazungumzo nyumbani ambayo naona yalikuwa na uzito kuliko yangu. Mkewe alifungua daftari akamwonyesha kwamba kazi ya Mama, ukihesabu visu vilivyomeguka, mkaa, umeme na siku mbili za kuwakosa wateja wengine, ilikuwa tayari imemtia hasara. Kisha akamwuliza, "Baba watoto, hiyo mashine ya Mama umeshawahi kuiona?"

Hakuwa ameiona. Shafti mbili alizichongea mashine ambayo hajaiona hata siku moja.

### Kuzisoma sura za vipande

Nilimwambia asisafishe chochote, akanitumia picha za sura zilizokatika. Vipande vyote viwili vilisema neno moja. Sehemu kubwa ya sura ilikuwa laini, ina mistari myembamba iliyopindana kama ile ambayo maji ya kupwa huichora kwenye mchanga. Sehemu ndogo iliyobaki ilikuwa na chembechembe, ya kijivu, imechanika. Hiyo si shafti iliyozidiwa siku moja na gunzi lililoponyoka. Hiyo ni shafti iliyochoka. Ufa ulianza kidogo pembeni, kila mzunguko ukasogea mbele kidogo, hadi chuma kilichobaki kikashindwa kubeba mzigo.

Mizunguko 3,000 kwa dakika ni 180,000 kwa saa. Mashine ikisaga saa nne kwa siku, siku kumi na moja ni karibu milioni nane. Shafti inapozunguka huku mikanda ikiivuta upande mmoja, kila mzunguko uso wake unavutwa na kubanwa mara moja. Chuma huvumilia mizunguko isiyohesabika mradi mkazo uwe chini ya kiwango fulani. Ukizidi kidogo tu, siku zake zinahesabika.

Swali likawa: mkazo unazidi wapi? Ufa wote ulianzia kwenye bega, pale shafti inapotoka milimita 50 kushuka hadi 40 ya beringi. Nikamwuliza kona ya bega ikoje. Akajibu, "Imekaa safi mwalimu, kona kali kabisa, nimetumia kisu chenye ncha."

Nilicheka, kisha nikajuta, maana ni mimi niliyemfundisha.

Kona kali ya ndani ni adui wa kitu chochote kinachozunguka. Nguvu zinazopita kwenye chuma hujikusanya hapo, na mkazo unaweza kufika mara mbili au tatu ya ule wa sehemu nyingine. Shafti ya awali, ya kiwandani, ilikuwa na kona ya mviringo mdogo, kwa makusudi. Aliyeiondoa ni Fundi mwenyewe alipokereza baada ya kuchomelea mara ya kwanza. Mara ya pili alinakili kwa uaminifu mkubwa kutoka kwenye vipande hivyo. Alinakili kosa lake mwenyewe.

### Safari ya kijijini

Lakini kona kali peke yake haikunitosha kama jibu. Shafti ya awali haikuchongwa na Fundi, nayo ilikuwa imelika kabla hajaigusa. Nikamwambia aende, na kwa kuwa nilikuwa na likizo tukaenda wote.

Mama alitupokea kwa chai na mihogo, akatuambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza: miezi minne kabla ya tatizo la kwanza mashine ilihamishiwa chumba kipya. Kijana aliyeifunga alikuta matundu ya boliti sakafuni yamekaa vibaya, mota ikawa imetokeza nje kama sentimita 6. Ili mikanda inyooke, akaisogeza puli ya mashine ya kusaga kuelekea ncha ya shafti. Katikati ya puli kulitoka sentimita 8 kutoka kwenye beringi kukafika 14. Mvuto ule ule wa mikanda ukawa unapinda shafti kwa nguvu ya mara moja na robo tatu ya ile ya zamani, na unapinda zaidi hapo hapo kwenye beringi na bega lake.

Si hayo tu. Mikanda miwili ilikuwa ya zamani, mmoja mpya. Mpya mfupi ulikuwa unabeba karibu kazi yote, mingine inateleza, na kila ikiteleza kijana anakaza zaidi. Nilibonyeza ule mpya kwa gumba, haukunyumbuka. Kwa nafasi ya sentimita 80 kati ya puli ulipaswa kushuka kama milimita 13.

Tulipofungua mashine tukakuta pia nyundo zimekuwa zikibadilishwa moja moja kila iliyolika. Tulizipima kwenye mizani ya duka la jirani, muuza duka akitushangaa, na nyundo zilizokaa pande zinazotazamana zilipishana gramu 40. Gramu 40 zikizunguka mara 3,000 kwa dakika, sentimita 20 kutoka katikati, zinavuta kwa nguvu ya karibu uzito wa kilo 80, mara 50 kila sekunde. Hizo hazikukata shafti, ziko mbali na kiwango hicho. Lakini ndizo zilizokuwa zikila beringi na kuifanya sakafu itetemeke.

### Uamuzi kuhusu pesa

Wakati wa kurudi, Fundi alimwambia Mama ukweli wote: kosa la kona ni langu, la vidoa ni langu, la puli na mikanda si langu lakini nilipaswa kuja kuangalia. Wakakubaliana hivi. Mama anunue mikanda mitatu ya seti moja na beringi mbili. Fundi agharimie chuma na kazi. Nyundo zipimwe zote na kupangwa kwa jozi zenye uzito sawa.

Kuna wenzangu wanaosema alikosea, kwamba angegawana naye hata gharama ya chuma. Mimi naona alifanya hesabu ya mji mdogo. Mama anasagia vijiji vitatu, na foleni ya mashine ya kusaga ni mahali ambapo sifa ya fundi hujengwa au kubomolewa asubuhi moja.

### Safari ya tatu

Kabla ya kugusa chuma kipya, Fundi alifanya mambo mawili ambayo angepaswa kuyafanya siku mashine yake inaingia uani.

La kwanza, alinunua mikromita ya milimita 25 hadi 50, kipimo chenye usahihi kuliko venia. Venia yake ilikuwa imechakaa taya, na hata ingekuwa mpya isingemfikisha pale. Beringi ya mashine ya Mama, namba 6308, ina tundu la milimita 40, na kwa mzigo kama huu shafti inatakiwa izidi kidogo: kutoka sehemu 2 hadi 18 za elfu za milimita. Huwezi kupapasa kipimo hicho kwa venia.

La pili, alikereza kipande cha majaribio chenye urefu wa sentimita 15 bila kukishikilia kwa senta ya nyuma, akakipima ncha zote mbili. Zilipishana sehemu sita za mia za milimita. Mashine ilikuwa inachonga tango, upande mmoja mnene kuliko mwingine. Sakafu aliyoimwaga mwenyewe ilikuwa imezama kona moja na kitanda cha mashine kikajipinda. Ndiyo maana mahali pa beringi safari ya pili palitoka pungufu, beringi ikateleza, na sentapanchi ikaitwa kuficha. Tulitumia pima maji ya mafundi wa mitambo niliyoiazima chuoni, tukaweka vibati vyembamba chini ya miguu, tukakereza tena, tukapima tena, siku nzima. Tulipofika sehemu moja ya mia tukaacha.

Chuma kilitoka Gerezani, Dar es Salaam, kwa basi: nondo nene ya kaboni ya wastani, haikuwa skrepa. Kazi ya kukereza yenyewe ilichukua mchana mmoja. Kisu cha bega alikinoa upya ncha yake ikawa na mviringo wa milimita 1, mdogo kuliko kona ya beringi yenyewe ili beringi ikae hadi mwisho. Mahali pa beringi alimalizia kwa kukwangua kidogo kidogo akipima kila mara, na alipofika milimita 40.01 akazima mashine, akaingia ndani kunywa maji. Anasema mikono ilikuwa inamtetemeka.

Beringi aliipasha kwenye mafuta ya moto, ikapanda shafti bila nyundo. Kijijini mota ilihamishwa, matundu mapya yakatobolewa sakafuni, puli ikarudi karibu na beringi.

## Matokeo

Ninapoandika haya, shafti ya tatu imezunguka mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mama amebadilisha chekeche na seti moja ya nyundo, zote kwa pamoja na zikiwa zimepimwa. Beringi hazijaguswa.

Fundi hakurudishiwa pesa ya kazi hiyo. Lakini wenye mashine za kusaga wawili wa vijiji jirani walimtafuta, na mmoja hakuleta kipuri: alimwita aende kuangalia. Fundi alimtoza 20,000 ya kuangalia tu. Tatizo likawa puli iliyopishana mstari, hakuna kilichochongwa. Mteja alilipa huku ananung'unika kwamba fundi amelipwa kwa kutazama.

Hapo daftari likapata safu mpya.

## Uchambuzi

Nikianza na kilichokwenda vizuri, Fundi alisoma soko lake kwa usahihi. Alikwenda mahali ambapo ujuzi wake haukuwa na mshindani, na umeme aliutatua kwa akili badala ya pesa. Alihifadhi vipande vilivyokatika. Mafundi wengi huvitupa kwenye skrepa jioni ile ile, na ushahidi wote unaondoka navyo. Tena alikuwa na mtu wa karibu anayeandika hesabu na asiyeogopa kumwuliza swali la kijinga. Swali la mkewe ndilo lililofungua kisa.

Kilichoharibika kilianza na mfuko wa salfeti. Kipuri kinapoletwa na bodaboda kinakuja peke yake, bila sakafu yake, bila mikanda yake, bila historia ya kuhamishwa chumba. Fundi wa kiwandani hakukutana na hali hiyo kwa sababu mashine ilikuwa hatua ishirini kutoka kwenye meza yake, na kulikuwa na watu wengine wa kuuliza kwa nini. Akienda kujitegemea nyumbani, hao wote anawaacha kiwandani. Anabaki na mikono na mashine, na mteja anayesema rudisha kama ilivyokuwa. Ni rahisi sana kutii.

Bei nayo ilimsukuma kwenye kosa. Kama unalipwa kwa chuma na saa za kukereza, basi safari ya kilomita 30 kwenda kuangalia ni hasara, mikromita ni anasa, na siku ya kunyoosha mashine ni siku ya njaa. Sidhani Fundi alikuwa mzembe. Mpangilio wake wa bei ulimlipa azidi kuchonga na kumtoza faini kila akifikiri. Wanafunzi wangu huwa nawaambia waandike ada ya kuangalia kwenye kibao cha mlangoni tangu siku ya kwanza, hata kama ni 5,000, maana kuianzisha baadaye ni ugomvi.

Kuhusu sentapanchi, nina maoni makali. Kidoa cha panchi kinabeba beringi kwenye vilele vya vipele, vipele vinasagika, beringi inaanza kucheza, na mbaya zaidi kila kidoa ni mwanzo unaowezekana wa ufa. Ni sawa kwa toroli. Kwa kitu kinachozunguka mara 3,000 kwa dakika ni kumdanganya mteja, hata kama fundi mwenyewe haoni kuwa anadanganya. Na panchi ina ubaya mwingine: ilimzuia Fundi asiulize kwa nini kipimo kilitoka pungufu. Angeuliza siku ile, angegundua mapema kwamba mashine yake inachonga tango.

Kuna jambo ambalo mimi na yeye hatujakubaliana. Naona kuipasha ekseli ya lori na kuifukia majivuni ni kutupa kile kile ulichokifuata: ugumu na uimara wake vilitoka kwenye kupashwa na kupozwa kwa mpangilio kiwandani, nawe umevifuta kwa mkaa. Unabaki na chuma cha kawaida kisichojulikana. Yeye anajibu kwamba chuma cha kawaida kisichojulikana kilicho mtaa wa pili ni bora kuliko kinachojulikana kilicho Dar es Salaam, mradi kona iwe ya mviringo. Kwa shafti za pampu ndogo anaendelea kutumia ekseli, na sijasikia iliyokatika. Huenda katika hilo ana haki kuliko mimi.

Usalama wa nyumbani unahitaji kisa chake wenyewe, lakini siwezi kupita kimya. Siku niliyofika mara ya kwanza nilikuta ufunguo wa taya umeachwa umechomekwa kwenye kichwa cha mashine, na mtoto wa miaka minne anachezea chenga za chuma zilizojiviringisha mlangoni. Mashine ikiwashwa ufunguo ukiwa humo unaruka kama jiwe la teo. Sasa ufunguo umefungwa chemchemi inayousukuma nje wenyewe, na karakana ina mlango wa wavu wenye komeo la juu. Glovu zimepigwa marufuku mbele ya mashine inayozunguka. Mikono mirefu vilevile, na hilo lilimlazimu msaidizi wake aache shati lake la shule.

Na mtaji je? Mashine, invata, visu, mikromita, sakafu na mlango vilifika karibu milioni 7. Kwa daftari la mkewe pesa hiyo ilirudi mwaka wa tatu, si wa kwanza kama alivyopanga. Mwaka wa pili wangeshindwa kama mkewe asingekuwa na duka la vitenge.

Mwezi uliopita nilipita kumsalimu. Kijana wa bodaboda alikuwa amesimama mlangoni na puli iliyopasuka ndani ya mfuko. Fundi hakuupokea. Alimwuliza: "Aliyekutuma ana simu? Mwambie anipigie, nataka kujua mashine yake iko wapi."